Nyasi Zilizolazwa Kifudifudi

Shimo lilikuwa dogo. Nadine Kuchera alivua kofia kwanza, ndipo akafungua daftari.

Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu kwa miaka ishirini na miwili, na katika kaunti ile ya Nebraska kazi yake kubwa ilikuwa ng'ombe walioibwa na waume walevi. Kaburi lililofunguliwa hakuwahi kuitiwa. Lile lilikuwa mwisho kabisa wa makaburi ya Ngome ya Haldane, mahali ambapo jeshi la mpakani lilizika watu wake, na ambapo siku hizi familia huja na vikapu vya chakula zikakaa kivulini. Ubao wake mweupe ulisomeka: MTOTO WA KIHINDI, 1881. Jina hapana. Wa Kihindi, maana ndivyo wazungu walivyowaita Walakota, wenyeji wa nyika ile.

"Nimeshamshika," alisema Gordon Tewks, msimamizi wa hifadhi, mtu wa suruali ya mikunjo na funguo nyingi kiunoni. "Yuko korokoroni."

"Korokoroni ipi?"

"Hii yetu. Ya makumbusho." Masikio ya Tewks yalianza kuwa mekundu. "Mlango hauna kufuli, afande. Nimemwambia tu akae pale."

"Umemweka Mlakota kwenye korokoroni ya ngome, Gordon? Jumatatu asubuhi, na watalii wanapita na kamera?"

"Sikumweka. Nimemkalisha."

"Ahaa. Umemkalisha." Nadine alichuchumaa kando ya shimo. "Ni nani?"

"Ambrose Giroux, mtunza farasi wetu. Miaka kumi na moja anaandika barua serikalini arudishiwe mtoto huyu, akamzike kwao. Mwezi wa nane mtaalamu wa mambo ya kale angekuja kufukua, kisheria, kwa heshima zote. Zimebaki wiki tano! Kashindwa kungoja wiki tano." Akahesabu kwa vidole. "Beleshi la zizini lina matope. Kitambaa cha tumbaku kile pale, ndivyo wanavyoomba wao. Halafu jana alikuwa na msuko mpaka kiunoni, leo nywele zimekatwa. Mtu abadilishe sura bure?"

Nadine aliinama mpaka pua yake ikakaribia udongo.

Lundo la udongo lilikuwa limetobokatoboka kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hayo ni matone ya mvua. Jana Jumapili ilikuwa Siku ya Askari wa Kale, watu mia tatu wamejaa uwanja wa gwaride, wanatazama mzinga wa zamani ukipigwa, wanakula maharagwe ya pilipili na mkate mtamu wa mdalasini. Saa kumi na moja jioni radi ikapasuka na kila mtu akakimbilia gari lake. Tangu hapo mvua haikunyesha tena. Kwa hiyo udongo ulikuwa nje tayari mvua ilipokuja.

Kitambaa chekundu kilikaa juu ya udongo huohuo. Akakigusa kwa ncha ya kalamu. Kikavu, hakina hata tone la tope. Chini yake kulikuwa na kitu kirefu cheusi na cheupe, kimefungwa uzi pande zote mbili. Ulikuwa msuko wa nywele.

Akaandika: *Shimo kabla ya mvua. Kitambaa na nywele baada ya mvua.*

Kisha akatazama kingo za shimo. Zilikuwa zimenyooka na laini, kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Nyasi za juu zilikuwa zimekatwa kwa vipande vya mstatili, vyote sawa, vikapangwa pembeni safu mbili, majani chini na mizizi juu. Vipande vya safu ya pili vilikaa juu ya maungio ya safu ya kwanza.

"Usafi huu," alisema, "ni wa mwizi gani?"

"Mwizi msafi," alisema Tewks.

*

Ndani ya korokoroni mlikuwa na benchi moja, pingu za maonyesho ukutani, na karatasi iliyosema USIGUSE. Ambrose Giroux aliketi kwenye benchi, kofia magotini. Alikuwa mtu wa miaka sitini na moja, mrefu, na nywele zake fupi zilikuwa zimepanda na kushuka kama majani yaliyoliwa na mbuzi.

"Kumekucha, Ambrose."

"Kwako kumekucha, dada."

"Nani kakukata nywele?"

"Mkasi wa kunyolea farasi."

"Inaonekana."

Ambrose alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa mpwa wangu. Alikuwa anabatiza mtoto. Muulize yeyote, nilikula mpaka aibu. Nimerudi leo alfajiri kulisha farasi."

"Na hilo beleshi lenye matope?"

"Mvua ikinyesha zizi huwa nini, dada? Unga?"

"Ukaenda makaburini."

"Kila asubuhi naenda. Namsalimia. Ni dada mkubwa wa bibi yangu. Alikuwa na miaka sita, alikufa kwa surua walipokuwa wamezuiliwa humu." Alipogonga benchi kwa kidole, Tewks, aliyesimama mlangoni, alitazama chini. "Bibi yangu alikufa mzee sana na bado akimlilia. Akaniambia, wewe ndiye utakayemleta. Leo nimefika nikakuta shimo. Nimeweka tumbaku, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho mfukoni. Nimekata nywele. Kwetu mtu akifiwa hukata."

"Amekufa miaka mia na kumi na tano, Ambrose."

"Leo nimefiwa mara ya pili. Ile ya kwanza sikuwepo."

Nadine aliandika.

"Mbona hukumwambia Gordon haya?"

"Aliniuliza, 'Umemweka wapi?' Hilo si swali. Hiyo ni hukumu imevaa kofia ya swali."

"Nani mwingine angemtaka mtoto huyu?"

"Ndilo ninalojiuliza tangu alfajiri. Wapo wanaouza mifupa yetu kwa watu wa mijini wenye makabati ya vioo." Akaivaa kofia yake polepole. "Nikute yupo kabatini kwa mtu, sijui nitafanya nini. Nakwambia mapema, wewe ni polisi."

"Nimesikia. Toka humu. Kakae zizini kwako."

"Bwana Tewks kasema nikae."

"Bwana Tewks kabadili mawazo," alisema Nadine, naye Tewks akaitikia kwa kichwa kama aliyebanwa kidole na mlango.

*

Walivuka uwanja wa gwaride kwa miguu. Mahema ya jana yalikuwa bado yamelala chini, yamelowa. Nyuma ya mabweni ya askari, karibu na bomba, kulikuwa na kipande cha ukuta kimo cha kifua, kimejengwa kwa matofali ya udongo wenye nyasi, kama nyumba za walowezi wa kwanza wa nyika ile isiyo na miti. Nadine alikipita. Akasimama. Akarudi nyuma hatua tatu.

Majani chini, mizizi juu. Kila tofali limekaa juu ya maungio ya mawili ya chini yake.

"Gordon. Ukikata nyasi, unataka kuzirudisha zimee tena, unaziweka vipi?"

"Majani juu. Zipate jua."

"Na ukiwa unajenga?"

Tewks alitazama ukuta. "Kifudifudi. Mizizi ishike tofali la juu. Mzee Orrin, anayetujengea ukuta huu wa maonyesho, huwaambia watoto wa shule hivyo kila..."

"Mkono uliozoea kazi hauulizi ruhusa," alisema Nadine. "Mtu ana haraka, anaogopa kuonekana, lakini mkono unapanga tu kama ulivyozoea. Jana huyo Mzee Orrin alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alijenga tangu asubuhi. Lakini afande, kulikuwa na watu mia tatu hapa!"

"Nikutegee kitendawili?"

"Saa hizi?"

"Nani hubeba sepetu na toroli mbele ya watu mia tatu, akafukua kaburi mchana kweupe, wala hakuna aliyemwona?"

Tewks aligeuka kutazama makaburi, kisha ukuta.

"Mtu anayepigiwa makofi kwa kubeba sepetu na toroli," alisema Nadine. "Mlipoanza kupiga mzinga, saa kumi, macho yote yalikuwa wapi?"

"Kwenye mzinga."

"Na yeye?"

"Alisema anakwenda kuongeza nyasi za kujengea." Tewks alijipangusa uso. "Alirudi na toroli limejaa, mvua inaanza. Nilimfungulia geti mwenyewe. Mke wangu akampungia mkono."

*

Orrin Skovgaard aliishi maili nne kutoka pale, katika nyumba nyeupe yenye pampu ya upepo iliyokwisha kufa. Alikuwa na miaka sabini. Mkewe Ilse alizikwa mwezi wa nne, na viatu vyake vya bustani vilikuwa bado vimesimama mlangoni, vidole vikitazama nje.

"Wewe si binti wa Emil Kuchera?" aliuliza kabla Nadine hajajitambulisha. "Yule wa trekta la kijani, aliyeliingiza mtoni?"

"Ndiye. Na alisema mto ndio ulioliingilia."

"Pita, pita. Kahawa ipo, ingawa mimi sijui kuipika. Ilse alikuwa akisema kahawa yangu inafaa kuzibia paa."

Nadine aliipokea, akainywa, akaona Ilse hakutia chumvi. Mikono ya mzee ilikuwa na malengelenge mapya. Suruali yake ya kanisani, nyeusi, ilikuwa na udongo magotini.

"Umetoka wapi asubuhi hii, Mzee Orrin, na suruali nzuri hivyo?"

"Makaburini kwa Ilse."

"Ulipiga magoti?"

"Nilipiga."

"Ukachimba?"

Orrin aliweka kikombe chini.

"Ziliniponza nyasi?" aliuliza.

"Ulizilaza kifudifudi."

"Loo." Akacheka bila sauti. "Miaka thelathini nawafundisha watoto wa watu. Nilitaka nizirudishe vizuri, mtu asijue. Mvua ikanikimbiza."

"Mzee wangu, nakuuliza kama polisi, na huna lazima ya kunijibu. Mtoto yule umempeleka wapi?"

"Yupi?"

"Kuna wangapi?"

"Wawili," alisema Orrin.

Aliisimulia habari ile akitazama viatu vya mlangoni. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili Ilse alijifungua mtoto wa kike, akatoka hana pumzi. Mchungaji wa wakati ule alikataa kumweka ndani ya uzio wa kanisa, kwa kuwa hakubatizwa. Ngome ilikuwa malisho ya ng'ombe tu, hakuna hifadhi, hakuna geti. Orrin alimtia katika sanduku la mayai, akampeleka kule, akatafuta mahali ambapo kulikuwa na mtoto mwingine, asiwe peke yake. Akachimba kimo cha goti. Hawakumwambia mtu, hata dada yake Ilse.

"Halafu mwaka huu Tewks akabandika tangazo. Makaburi yasiyo na majina yatafunguliwa. Wangemkuta wangu, wangempa namba, wangemtia kwenye mfuko. Na Ilse kabla hajafa alinishika hapa," akashika mkono wake mwenyewe juu ya kiwiko, "akasema, 'Niletee.' Neno moja. Miaka arobaini na minne hakuwahi kuniomba."

"Ungemwambia Gordon."

"Ningeanzia wapi, binti? Ningesema nini na mimi sijawahi kulisema hata hapa jikoni?"

"Na yule mtoto mwingine?"

"Sikumgusa. Nilipotoa sanduku langu niliona pembe ya blanketi chini yake. Nikaacha hapohapo, nikamrudishia udongo kidogo, shubiri moja hivi."

"Ambrose Giroux anadhani ameibwa. Gordon alimweka korokoroni asubuhi."

Orrin alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Ambrose? Aliyeniazima nyumbu wake?" Tayari alikuwa anatafuta kofia. "Mbona umeniacha nizungumze wakati wote huu, mtoto wa Emil! Twende."

*

Waliposimama wote wanne kandokando ya shimo ilikuwa saa saba, jua liko juu kabisa. Nadine aliwaeleza kwa ufupi alichoambiwa, akamwambia Ambrose kuwa mtaalamu angefika kesho kukagua shimo, na kisheria yeye Nadine hakupaswa kumruhusu mtu aguse kitu kabla ya hapo.

"Kesho," alirudia Ambrose.

Nadine alimtazama, akawatazama wengine. "Wewe ni nduguye marehemu. Nitaandika kwamba nilimruhusu nduguye athibitishe. Mkono tu. Bila chombo."

Ambrose alilala kifudifudi kwenye nyasi. Alitia mkono shimoni mpaka begani, akawa anaondoa udongo kidogokidogo. Tewks alikuwa ameshika funguo zake zisilie. Mkono wa Ambrose ukasimama.

Alisema maneno machache kwa Kilakota, kwa sauti ile mtu anayotumia kumfunika mtoto aliyelala. Kisha akarudisha udongo, akaupapasa.

"Yupo," alisema. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta.

"Nisamehe, Ambrose," alisema Tewks. "Mimi nili..."

"Sasa hivi hapana, Bwana Tewks. Baadaye utaniomba, nami nitaona."

Orrin alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono yote miwili. "Nilimlaza mtoto wangu juu ya wako bila hodi," alimwambia Ambrose. "Na jana nimeingia tena bila hodi."

"Mlikuwa mnamtembelea?"

"Ilse alikuwa akija. Mimi nilikuwa najenga ukuta kule nyuma. Naweza kuuona ubao huu kutoka pale."

Ambrose aliutazama ukuta wa nyasi ng'ambo ya uwanja, kisha ubao.

Nadine alifungua fomu ya ushahidi juu ya paja lake. Kazi ni kazi. "Mzee Orrin, Alhamisi utakwenda mbele ya hakimu. Nitakuwepo, na yeye naye ana watoto. Lakini lazima niandike kilichotolewa humu. Taja polepole."

"Sanduku la mayai. Mbao zake zimeoza, nilizitoa vipandevipande."

Nadine aliandika. "Ndani yake?"

"Udongo."

"Na mabaki?"

Mzee alitikisa kichwa.

"Mifupa, Mzee Orrin. Lazima niulize."

"Haikuwepo. Nilipofika nyumbani nilimwaga kwenye shuka nyeupe, mezani. Nikapitisha vidole usiku kucha. Kulikuwa na kifungo kimoja cha kigauni. Alikuwa mdogo mno, binti, ardhi haikumbakiza hata kidogo." "Nimempelekea Ilse udongo. Nimemwambia ndiye. Ni mara ya kwanza kumdanganya."

Upepo ulipita kwenye nyasi ndefu za nje ya uzio. Tewks aligeuka akatembea hatua chache, akasimama akiwapa mgongo.

"Hukumdanganya," alisema Ambrose. "Mwezi wa nane, tukimtoa wetu, tutatoa na udongo uliomlalia. Ndivyo tunavyofanya. Na wako yumo katika huo. Nataka ujue mapema. Ukisema tusiuchukue wote, tutauacha."

Orrin aliutazama ubao.

"Chukueni," alisema. "Wamekaa pamoja karibu muda uleule niliokaa na Ilse. Lakini siku hiyo niiteni, nije."

"Utakuja. Utakula nasi. Huwa tunawataja kabla hatujawafunika, wote, mmoja mmoja." Ambrose alimgeukia. "Wako alikuwa anaitwa nani?"

"Hatukumpa jina. Mchungaji alisema asiyebatizwa..." Orrin alikunja ukingo wa kofia, akaukunjua. "Hapana. Ilse alimpa. Mwaka ule wa kwanza nilimsikia jikoni akimwita, polepole, anaosha vyombo. Nikatoka nje nikaenda kupasua kuni."

"Lipi?"

"Sikusikia vizuri. Na sikumuuliza." Alitazama shimo. "Nilidhani ataniambia siku moja."

Ambrose alimshika bega.

Katika fomu, mstari wa nne ulikuwa wa jina la marehemu. Nadine aliuacha wazi, akatia sahihi chini, akampa Orrin kalamu naye atie yake.